Jina la Baba Mdogo

Mgeni rasmi alipoingia kwenye banda la vijana wabunifu, Batuli alizama chini ya meza.

Hakuna aliyemsukuma. Alizama mwenyewe, na gauni lake la kitenge cha bluu, na mtandio wa rangi ya maziwa alioupiga pasi tangu alfajiri. Viwanja vya Nanenane pale Nzuguni vilikuwa vimefurika siku hiyo: wakulima, wanafunzi, akina mama wa vikundi, spika zinashindana kupiga kelele, vumbi limetanda, na harufu ya nyama choma inapita na upepo. Kila mwenye meza alisimama mbele ya meza yake, meno yote nje, akimsubiri mkubwa apite. Batuli peke yake ndiye aliyechuchumaa gizani nyuma ya kitambaa, akiomba asionekane.

Kitambaa kikainuliwa. Uso wa kijana ukachungulia, ndevu zimechongwa vizuri, miwani puani, shati jeupe limekunjwa mikono.

"Dada, umeangusha nini?"

"Chaja."

"Chaja ipo huku juu, imechomekwa."

"Basi ni nyingine."

Kijana akamtazama kidogo, naye Batuli akajua ameshajulikana. "Hebu sogea," yule kijana akasema, akaingia chini ya meza na suruali yake safi, magoti kwenye vumbi. "Tuitafute wote. Unadhani itapatikana kabla mgeni rasmi hajapita, au akishapita?"

"Akishapita," Batuli akasema, na kicheko kikamtoka bila kukitarajia.

Ndivyo walivyokutana, na msinicheke. Kuna wanaokutana harusini wamevaa dhahabu, na ndoa yao haifiki masika. Hawa wawili walikutana katikati ya nyaya za umeme, mmoja akiwa na hofu na mwingine akiwa na subira, na mpaka leo sijaona mwanzo mzuri kuliko huo.

Kijana aliitwa Uwesu. Alikuwa mlezi katika mradi mmoja wa pale Ipagala uliojiita Kitalu, ambao kazi yake ilikuwa kuwatafuta vijana wenye kampuni changa za teknolojia ambao wenye mitaji huwa hawawaoni: mabinti, watoto wa wafugaji, wenye ulemavu, watu wa mikoa kame wasio na mjomba Dar es Salaam. Kitalu kiliwafundisha kupanga hesabu, kusafisha makaratasi ya kampuni na kusimama mbele ya mwekezaji bila magoti kugongana. Uwesu alikuwa amekuja Nanenane kutafuta watu wa namna hiyo. Wa kwanza alimpata chini ya meza.

Na jamani, binti alikuwa na kitu. Kilikuwa namba ya simu tu, ameiita Zizi. Mfugaji asiyejua kusoma anapiga bure, anachagua lugha, anasikia sauti ikimweleza dalili za homa ya mapafu ya mbuzi au nini cha kufanya kondoo akivimba tumbo. Mwishoni anaacha ujumbe, anaeleza mnyama wake anaumwaje, na asubuhi Batuli na mwenzake wanasikiliza na kumpigia. Mwenzake huyo ni Penina, binti wa Kigogo aliyesomea mifugo kule Mpwapwa. Penina alikuwa na sauti nzito ya mama mtu mzima, na Wagogo walimsikiliza mpaka mwisho. Kirangi alikisema Batuli mwenyewe. Wazee wa Kondoa wakisikia kile kisauti chake chembamba walikata simu. Mtoto gani huyu anatufundisha mbuzi?

Batuli akaingia Kitalu, Uwesu akawa mlezi wake. Sasa Kitalu kilikuwa na sheria: mlezi haruhusiwi kumtongoza anayemlea, mpaka mafunzo yaishe. Uwesu alikuwa mtu wa sheria. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni aliongea habari za mbuzi.

"Mbuzi wameamkaje leo?"

"Wazima. Mmoja tu ana kikohozi, kule Bahi."

"Mpe pole. Na wewe umekula?"

"Hilo nalo ni swali la mlezi?"

"Mwekezaji haweki hela kwa mtu mwenye njaa. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Nitaiandika kesho."

Batuli akikata simu alibaki amekaa kitandani anatabasamu na ukuta. Penina, aliyepanga naye nyumba moja hapo hapo Ipagala, alikuwa anamtazama na kutikisa kichwa. "Mtu hana hata kuku," Penina alisema, "lakini kwa kuulizia mbuzi, hajambo."

Lakini chini ya kicheko kile Batuli alikuwa na hofu, tena hofu isiyolala. Aliamka nayo na kunywa nayo chai. Siku ya kusimama mbele ya wawekezaji ilikuwa inakuja, na alijua kuna swali moja watamuuliza ambalo hana jibu lake. Jioni moja akashindwa kulibeba peke yake.

"Uwesu, wakiniuliza kampuni ni ya nani, niseme nini?"

"Useme yako. Ya nani tena?"

Batuli akafunga mlango wa chumba. Kisha akamwambia yote. Alipokwenda kusajili kampuni aliulizwa nani mwenye hisa nyingi. Akamkumbuka baba mdogo Mbwana, kule Kolo, aliyemchukua na kumlea baada ya baba yake kufariki, akauza ng'ombe wake ili yeye asome chuo. Kwao mtoto hanawi mikono kabla ya mzee. Ataanzaje kuandika jina lake juu ya jina la baba mdogo? Akamtanguliza. Akampa sehemu kubwa ya kampuni, yeye akabaki na kijisehemu, na roho yake ikatulia kabisa. Alidhani hisa ni kama shikamoo.

Uwesu alivuta pumzi upande wa pili. "Batu, hakuna mwekezaji atakayeweka mtaji hapo. Anayefanya kazi yote ana kipande kidogo, na mwenye kampuni yuko Kolo anachunga. Mwombe akurudishie."

"Nimwombe mzee anirudishie heshima niliyompa? Wewe ni Mrangi wa wapi?"

"Wa Dodoma mjini, mtaa wa Majengo."

"Ndiyo maana huelewi. Anawaambia watu msikitini kwamba ana kampuni Dodoma. Mnadani wanamwita Mkurugenzi. Nikamvue hilo joho, na uso wangu huu huu? Naogopa, Uwesu. Bora nikose huo mtaji."

"Ukiukosa, Zizi itafungwa."

"Najua. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu."

Na kweli hakumwambia mtu. Alifanya jambo ambalo kwa Batuli lilikuwa baya zaidi.

Kitalu kilikuwa na desturi yake ya siku ya majaribio. Kila mmoja anasimama mbele ya wenzake wote kama vile wawekezaji wapo, na mlezi wake ndiye anayemuuliza swali gumu kuliko yote. Batuli alijua kuna swali linakuja. Alijiandaa na habari za wazee wa Kondoa wanaokata simu, akakariri majibu mpaka Penina akayakariri naye. Siku ile alivaa gauni la kijani na viatu vya mchuchumio, akaongea vizuri, watu wakapiga makofi. Uwesu akasimama. Hakumtazama usoni.

"Dada Batuli, kampuni ni ya nani?"

Batuli akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Aliona midomo ya watu, aliona feni inazunguka. Akatafuta meza ya kujificha, na pale mbele hapakuwa na meza. Akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka nje pekupeku.

Jioni simu ikaita. Akapokea kwa sababu alikuwa na la kusema.

"Batu, nisikilize."

"Nilikupa siri yangu mkononi, ukaenda kunipiga nayo mbele za watu."

"Nilitaka uulizwe hapa kwetu kuliko kule kwao. Kule ukinyamaza, imekwisha."

"Ungeniambia kwanza."

"Ni kweli," Uwesu akasema. "Ningekuambia kwanza. Niliogopa ungekataa kuja."

"Wewe uliogopa? Wewe unajua kuogopa?" Akakata, akamfungia namba yake isimpate tena. Halafu akalia, analia huku amekasirika, na kilichomuuma zaidi ni kwamba jamaa alikuwa amesema kweli.

Asubuhi iliyofuata Penina alikuwa anasikiliza ujumbe wa wafugaji. Akasimamisha kidole, akaongeza sauti. "Njoo usikie mgonjwa huyu."

Ilikuwa sauti ya Uwesu, anaongea polepole kama mzee wa mnadani. "Naitwa mfugaji wa Majengo. Nina beberu mmoja. Hali, hanywi, anatazama barabara tu tangu jana. Nadhani alimpiga mwenzake pembe bila kukusudia. Naomba ushauri."

"Futa," Batuli akasema.

"Sifuti. Mfugaji akipiga anapigiwa, ndiyo kanuni yetu."

"Basi mpigie wewe."

"Mimi natibu mbuzi," Penina akasema. "Huyo mshenzi wako siwezi."

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine. Beberu ameanza kukonda. Keshokutwa, beberu anaomba radhi. Batuli hakujibu hata mmoja, lakini alikuwa anaamka mapema kumtangulia Penina kwenye mashine ya ujumbe.

Siku ya wawekezaji ilikuwa imeshakaribia kabisa alipopanda basi la Kondoa. Alimwambia Penina anaenda kusalimia. Mwanasheria wa Kitalu alikuwa amemtayarishia karatasi za kuhamisha hisa, zimelala kwenye mkoba, na kila basi liliporuka kwenye tuta alitamani ziruke dirishani. Alikuwa amenunua sukari, majani ya chai na kanzu mpya. Kanzu ile aliijutia kabla hajafika Haneti. Itaonekana kama amekuja kumlipa mzee ili amfukuze.

Baba mdogo Mbwana alikuwa uani, anachambua karanga. Mtu mrefu, mkavu, kofia ya kufuma kichwani, macho yasiyocheka upesi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kampuni yetu haijambo?"

Mungu wangu, neno la kwanza kabisa. Batuli akaketi kwenye mkeka. Wakala ugali wa uwele na mlenda, mzee akanawa wa kwanza, naye akanawa baadaye. Vyombo vilipoondolewa mzee akazirudia karanga zake, naye Batuli akajua asiposema sasa hatasema tena maishani.

"Baba, nimekuja kuomba kitu ambacho mtoto haombi."

"Sema."

"Naomba unirudishie kampuni."

Mzee akaacha karanga. Kuku walipita, wakarudi. Jirani mmoja alimsalimia kutoka nje, "Mkurugenzi, hujambo?" na mzee hakuitika.

"Nimekukosea nini?" baba mdogo akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Batuli alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa fimbo hata, lakini hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Hujanikosea. Ni mimi niliyekosea. Nilikuandika juu kwa heshima, na kumbe pale si mahali pa heshima, ni mahali pa mtu wa kuulizwa. Likiharibika jambo wewe ndiye utakayeulizwa, na wenye mtaji hawawezi kuja kukuuliza huku. Wakikosa wa kuuliza wanaondoka, na Zizi inakufa. Baba, naogopa hata kukutazama."

"Basi usinitazame," mzee akasema, akainuka, akaenda kuswali. Alikaa huko muda mrefu. Batuli alibaki pale mkekani, anajiona mwizi katika nyumba iliyomlea.

Aliporudi, mzee hakuketi. "Hiyo Zizi yenyewe sijawahi kuisikia. Watu wananiita Mkurugenzi wa kitu nisichokisikia. Hebu piga."

Batuli akapiga, akachagua Kirangi, akaweka spika. Sauti yake ikasikika uani, nyembamba, ya haraka, inaeleza kikohozi cha mbuzi. Mzee akainamisha kichwa akisikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu binti afike, mdomo wake ukapinda upande mmoja.

"Mbona unasema kama mtu anayeogopa kufukuzwa?"

"Ndiyo maana wanakata simu, baba. Wazee wote wa huku wanakata."

"Hata mimi ningekata. Mbuzi anakufa, wewe unakimbia." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kidubwasha. Kwanza mtu unamsalimia. Unamwambia wewe ni nani, wa ukoo gani. Ndipo unamuuliza habari ya zizi lake."

Akaongea kwa Kirangi, taratibu, kwa ile sauti anayotumia kutuliza ng'ombe aliyeshtuka. Batuli alikuwa ameshabonyeza kurekodi. Alimsikiliza huku machozi yanamtoka, na humo ndani ya hofu yake jambo likamjia, akalisema kabla halijamponyoka.

"Baba, jina lako likitoka kwenye karatasi, nitaliweka hapa. Kila atakayepiga kwa Kirangi ataanza kukusikia wewe. Karatasi hakuna aliyeiona. Hii wataisikia mpaka Haubi."

"Watasikia jina langu?"

"La kwako na la babu."

Mzee akalifikiria hilo. Akatazama nje, upande ule jirani alikopita. "Na wewe utakuwa nani?"

"Mwenye kampuni," Batuli akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka.

"Sema tena. Ulisema kama unaniomba maji."

"Mwenye kampuni ni mimi, baba."

"Haya. Kalamu iko wapi?" Akavaa ile kanzu mpya kwanza, maana alisema jambo kubwa halitiwi saini na shati la shambani. Karatasi zikarudi kwa mwanasheria naye akazipeleka zinakotakiwa.

Siku ya wawekezaji Batuli alivaa lile gauni la bluu la Nanenane. Wawekezaji walikuwa watatu, wawili wanaume na mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa chini, na huyo mama ndiye aliyeuliza. Hakupaza sauti wala hakutabasamu.

"Kampuni ni ya nani?"

Hofu ilikuja, tena yote, kama alivyoizoea. Ila safari hii jibu lilikuwepo.

"Yangu," akasema. "Ilikuwa ya baba yangu mdogo, nilimpa kwa heshima. Nilikwenda Kolo nikamwomba, akanirudishia. Sasa yeye ndiye sauti yetu ya Kirangi, na wazee hawakati simu tena. Mnaweza kupiga mkasikia."

Yule mama akapiga pale pale. Alisikiliza mpaka mwisho ingawa hakuelewa neno hata moja. Akaweka simu chini, akawaambia wenzake kwamba yeye anaweka mtaji kwa binti huyu, wao wakitaka wamfuate.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, Uwesu alikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya vitafunwa. Suti ya kijivu, tai imelegea, na kweli alikuwa amekonda. Batuli akaenda mpaka mbele yake.

"Beberu anaendeleaje?"

"Amepata nafuu kidogo, ameona barabara ina mtu." Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Batu, nisamehe. Siri haikuwa yangu niitoe, hata kama nilikuwa na sababu. Nikifikiria vile ulivyotoka pekupeku, naona aibu."

"Ulinitia hofu mbaya."

"Najua."

"Na bila wewe nisingekwenda Kolo. Hilo nalo linaniudhi." Akamtazama akitafuta hasira yake ya zamani, akakuta imebaki makombo. "Nimekusamehe. Ukirudia nitakufuta kwenye mashine."

"Mafunzo yameisha leo," Uwesu akasema. "Mimi si mlezi wako tena. Kwa hiyo naweza kusema bila kumsingizia mbuzi. Nakupenda. Nataka kukuoa, kama utakubali, na kama kwenu watakubali."

Simu ya Batuli ikaita kabla hajajibu. Baba mdogo. Akaiweka sikioni.

"Mwanangu, umefaulu?"

"Nimefaulu baba."

"Alhamdulillahi. Sasa sikia. Mwenye sauti lazima awasikie wanaompigia, kwa hiyo nilimwambia Penina aniunganishe, nikasikiliza ujumbe wote. Kuna mfugaji mmoja wa Majengo ana beberu asiyekula. Nikamwambia Penina tumsaidie. Penina anacheka tu, anasema huyo hafugi kitu, anakutafuta wewe. Yupo hapo?"

"Yupo, baba."

"Mpe simu."

Mzee aliongea kwenye simu kama anayeita ng'ombe, na Uwesu alikuwa amesikia kila kitu. Akaitazama simu, akatazama mlango, kisha akaitazama meza ya vitafunwa na kitambaa chake kirefu kilichofika sakafuni. Batuli akamdaka mkono kabla hajainama.

"Afadhali akuulize kwenye simu," akamnong'oneza, "kuliko akuulize Kolo."

"Shikamoo mzee," Uwesu akasema, sauti nyembamba kabisa.

"Marahaba. Kijana, wewe ni wa nani?"

Akaanza kujibu. Akamtaja baba yake, akamtaja babu yake, akakosea, akarudia. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Batuli, naye hakuuachia mpaka upande wa pili mzee akakohoa na kusema, "Basi njoo na wazee wako."